Muziki ofisini: panga chumba kwa mwenye sauti ndogo kuliko wote

Watu wanaotaka kuanzisha muziki ofisini kwao huniuliza habari za vyombo kwanza. Kipaza sauti gani? Kamera gani? Spika ngapi? Nami huwarudishia swali: katika hao mnaotaka kuwaalika, nani mwenye sauti ndogo kuliko wote? Mjue huyo kwanza. Viti, feni, saa ya kuanza, idadi ya watu, hata chai, vyote vipange kwa ajili yake. Ukimpangia yeye, wenye sauti kubwa hawatapungukiwa na kitu. Ukiwapangia wenye sauti kubwa, yeye utampoteza.

Nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, ghorofa ya pili, si mbali na barabara ya Nkrumah. Tuna meza nane, makabati ya chuma, na mafaili yaliyojaa makabati hadi mengine yakashukia sakafuni. Huu ni mwaka wa tano tangu tuanze. Jumamosi moja kila mwezi, tukishafunga kazi saa saba, tunasukuma meza ukutani, tunatandika mikeka, na jioni anakuja mwanamuziki mmoja au kikundi cha watu watatu wanne kutupigia. Wasikilizaji huwa thelathini. Wakizidi hapo joto la Mombasa huwashinda, na chumba nacho hubadilika sauti.

Wazo lilinijia arusini, Majengo. Nilikuwa nimevuka feri kutoka Likoni makusudi nikamsikilize mzee mmoja mpigaji udi ambaye marehemu baba alikuwa akimsifu sana. Nikafika nikakuta spika mbili zimesimama kama makabati ya nguo, kinanda cha umeme kimefunguliwa mpaka mwisho, na kina mama wanapigiana kelele masikioni ili wasikizane. Udi niliuona kwa macho tu. Mzee alipiga karibu saa mbili, kichwa chini. Baadaye nilimwendea nikampa mkono, nikamwambia, "Ami, sikukusikia." Akanijibu bila hasira, "Hata mimi sikujisikia."

Neno lile lilinikaa. Miezi kadhaa baadaye nikapata kujua kwamba jambo kama hilo lilishatokea mbali na hapa. Mwaka 2008, Bob Boilen na Stephen Thompson wa redio ya NPR ya Marekani walikwenda tamasha mjini Austin, Texas, kumsikiliza mwimbaji Laura Gibson, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Kelele za watu zikamfunika. Thompson akamwambia kwa mzaha kwamba afadhali aje aimbe mezani kwa Boilen, ofisini, Washington. Akaja kweli, akaimba pale penye makaratasi na rafu za vitabu, wakamrekodi. Mfululizo wakauita Tiny Desk, kwa jina la bendi aliyokuwa nayo Boilen zamani, Tiny Desk Unit. Wameshapita wasanii zaidi ya elfu moja pale, wa kila aina na kutoka kila bara. Burna Boy wa Nigeria alipiga pale mwaka 2019.

Kilichonivutia mimi ni sharti lao moja. Mwimbaji hakuzwi sauti ndani ya chumba. Vyombo ndivyo vinavyoshuka mpaka sauti ya mtu isikike, na aliyezoea kuzungukwa na spika hapo hana pa kujificha. Mwaka 2014 alikaa pale T-Pain, ambaye dunia ilimjua kwa sauti iliyopitishwa kwenye mashine, akaimba kwa sauti yake mwenyewe na kinanda kimoja pembeni. Watu walistaajabu kwamba kumbe anaimba vizuri vile. Nilipoiona rekodi ile nilimkumbuka mzee wa arusini, nikajua la kufanya.

Basi tuanze na chumba. Simama katikati piga kofi moja, kisha nyamaza usikilize. Ukisikia sauti inarudi kama inatetemeka kati ya kuta mbili, chumba hicho kitamsumbua kila atakayeimba ndani yake. Ofisi za siku hizi zina vigae chini, vioo upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili, kwa hiyo sauti haina pa kutua. Dawa yake haina gharama. Mikeka chini, leso za kina mama zimeangikwa juu ya vioo zikiwa na mikunjo (leso iliyonyooshwa haisaidii kitu), na miili ya watu wenyewe. Sisi tulibahatika kuwa na mafaili. Karatasi za miaka kumi na tano za makontena zinanyonya mwangwi kuliko nilivyotarajia. Yule mzee wa udi alipokuja mara ya kwanza alikaa, akagusa uzi mmoja, akainua kichwa akatazama makabati. "Mwanangu," akasema, "chumba hichi chasikia."

Kisha winda kelele ndogo. Kaa chumbani dakika tano bila kusema, na kila unachokisikia kiandike. Friji ya maji, kompyuta ya seva, taa inayolia kama nyuki, feni yenye kikombe kilicholegea. Friji izime, lakini weka ufunguo wa gari lako juu yake ili usisahau kuiwasha tena kabla ya kuondoka. Feni ndilo jambo gumu hapa kwetu, hasa miezi ya kaskazi. Utaratibu wetu ni huu: feni zinazunguka watu wakiingia na kati ya wimbo na wimbo, na mpigaji akiwa tayari zinazimwa. Madirisha yanayotazama barabara tunayafunga kwa sababu ya honi za matatu na tuktuk, ya uani tunayaacha wazi. Watu watatoka jasho. Waambie mapema, na maji ya kunywa yawe karibu. Hakuna aliyewahi kunilalamikia joto baada ya kusikia kanuni, kile chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi, ikipigwa futi sita kutoka alipokaa.

Kiyoyozi kina habari yake. Niliwahi kukiwasha tangu asubuhi nikidhani nawafanyia watu wema, nikakizima tulipotaka kuanza. Ndani ya robo saa unyevu wa pwani ukaingia, na kanuni iliyokuwa imeshasawazishwa ikaharibika yote. Chombo hicho kina nyuzi zaidi ya sabini, na kila sauti hutolewa na nyuzi tatu zinazotakiwa kukubaliana. Mpigaji alianza upya, watu wamekaa wanamtazama, naye anatokwa jasho la haya. Tangu siku hiyo kiyoyozi hakiwashwi Jumamosi ya muziki, na wenye vyombo vya nyuzi nawaomba wafike saa tisa ili vyombo vyao vizoee hewa ya chumba.

Kupanga wapigaji ndiko kunakotaka busara zaidi. Mwimbaji anakaa mbele, karibu na watu. Nyuma yake udi au gitaa, kisha fidla, kisha ngoma. Kila chombo chenye nguvu kinarudi nyuma hatua kadhaa, wala usimuonee mtu haya kumwambia arudi. Ngoma hutulizwa kwa leso iliyokunjwa mara mbili juu ya ngozi. Dumbaki ipigwe kwa ncha za vidole. Tashkota, chombo cha nyuzi chenye vitufe ambacho taarabu ya Mombasa imekifanya chake, ina sauti kali ya chuma, nami hupenda ikae pembeni ikitazama mafaili. Kodiani anayeijua mwenyewe ataipumuza pole; asiyeijua atawafunika wote.

Kuna kijana mmoja wa saksafoni tuliyemwalika atupigie bango, ule muziki wa pwani unaojulikana kwa jina la Joseph Ngala wa Freretown. Saksafoni ndani ya chumba kidogo ni kama mtu anayehutubia sebuleni. Tulijaribu kumwomba apunguze, akapunguza, ladha ikapotea, kwa sababu saksafoni ya bango inataka pumzi iliyojaa. Mwishowe tulifungua mlango wa ukumbini tukamsimamisha nje yake, hatua kama nane kutoka kwa mwimbaji, mdomo wa chombo ukitazama pazia zito. Akapiga kwa pumzi yake yote. Sauti ilitufikia ikiwa imelainika, kama inatoka nyumba ya jirani, na mwimbaji hakuhitaji kupaza. Nadhani hiyo ndiyo Jumamosi niliyoipenda kupita zote.

Haya yote nayasisitiza kwa sababu muziki wetu umejengwa juu ya maneno. Mji huu ni wa mshairi Muyaka bin Haji. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, aliimba mashairi mengi ya mshairi Ahmad Nassir, na waliomfuata walikuwa wakibishana barazani juu ya fumbo moja wiki nzima, nani kalengwa, kwa lipi. Neno moja likikupita, ubeti mzima umekupita. Katika chumba chetu nimewaona wazee wakitikisa kichwa kwenye kina cha mwisho kabla mwimbaji hajakifikia, kwa sababu mizani imeshawafikisha. Spika kubwa haziwezi kukupa hilo.

Kuhusu wa kuwaalika. Ukingoja wanaojitangaza, utakuwa na wanaume vijana wenye gitaa mwaka mzima. Wapo wazuri, lakini mji huu una mengi zaidi. Tumekuwa na kina mama wa Rabai na kayamba zao, wapigaji sengenya, ngoma ya Wadigo, kutoka upande wa kusini, mzee wa jamii ya Wahindi aliyeimba bhajani kwa harmoniamu, dada wa kwaya ya kanisa la Changamwe aliyekuja peke yake bila kwaya, na vijana wa rap kutoka Kisauni. Wengi nimewapata kwa kuuliza watu wasiohusika na muziki: wapishi wa arusi, madereva, mafundi wanaotengeneza ngoma. Mpishi wa arusi anajua nani anaimba vizuri na nani anasifiwa tu.

Kila mmoja mpe siku yake. Hapa msimamo wangu ni mkali. Sipendi zile hafla ambazo makabila na dini hupangwa foleni, kila kikundi dakika tano, kisha makofi na picha ya pamoja. Wanaocheza wanageuzwa maonyesho, na anayetazama anaondoka bila kumsikia yeyote. Mtu mmoja, nyimbo tatu au nne, basi. Akitaka kueleza wimbo, aeleze mwenyewe kwa lugha yake na mtu amtafsirie kwa ufupi. Na usihesabu dakika. Wimbo wa taarabu unaweza kuchukua dakika kumi na zaidi, na mahali pa kuukata hapapo.

Vijana wa rap walinifunza jambo. Wa kwanza alikuja na flashi ya midundo, akitaka tuichomeke kwenye spika. Nilimwambia hatuna spika, akaona nimemdharau, akataka kuondoka. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikumweleza mapema jinsi chumba kilivyo. Tuliahirisha kwa mwezi mmoja, nikamkutanisha na mpiga dumbaki, wakafanya mazoezi mara mbili jioni palepale ofisini. Alipokuja tena, alisema mashairi yake kwa dumbaki na makofi ya watu wawili. Ulisikia akivuta pumzi, ukasikia sauti ikimkauka alipofika ubeti unaomhusu kaka yake. Bibi mmoja aliyekaa mbele, ambaye nina hakika hajawahi kusikiliza rap kwa hiari, alimwambia baadaye, "Mjukuu wangu, hayo ni mashairi hasa."

Mara nyingine nilikosea zaidi. Binti mmoja mwenye sauti nyembamba aliniomba kipaza sauti, nikamkatalia nikimtajia sharti langu. Akaimba akijilazimisha kupaza, sauti ikamkatika wimbo wa pili, akatoka analia. Nilikuwa nimegeuza sharti kuwa kubwa kuliko mtu ambaye sharti lenyewe liliwekwa kwa ajili yake. Nilimwendea na mama yake kuomba radhi, na miezi mitatu baadaye alirudi. Siku hiyo niliondoa viti vyote, nikawaketisha watu mkekani nusu duara, wa mbele wakawa umbali wa mkono tu kutoka alipokaa. Sauti hupungua haraka sana kadiri unavyojitenga nayo, kwa hiyo kabla ya kumkuza mtu kwa umeme, wasogeze wasikilizaji. Hakuhitaji kupaza hata neno.

Saa nayo ni sehemu ya chumba. Sisi huanza saa kumi na robo, Alasiri imeshaswaliwa, na tunamaliza saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya adhana ya Magharibi. Si busara katika mji huu kumweka mtu achague kati ya wimbo na swala. Wa Likoni nao wanapata feri kabla haijajaa. Ramadhani hatupigi. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, tumewahi kualika vijana wa kasida na matari, na walikuja hata wafanyakazi wenzetu ambao siku nyingine hawakai penye vyombo vya nyuzi. Zungumza pia na mwenye jumba, mlinzi na majirani wa ghorofa ya juu. Kanuni za serikali za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vyake hushuka, lakini jirani aliyealikwa chai atakufaa kuliko kanuni.

Kuhusu kutunza. Mwanzoni nilikataza watu kuinuka wakati wa wimbo, nikitaka utulivu. Katika taarabu, msikilizaji aliyeguswa na neno huinuka, akaenda polepole, akamtunza mwimbaji noti. Mzee wa udi alinivuta kando. "Mwanangu, asiyetunzwa atajuaje kama amefika?" Nikaona ana haki. Noti haina kelele. Sasa watu wanainuka, na vigelegele vinaruhusiwa vikija mahali pake. Kinachokatazwa ni simu, zinakaa kikapuni mlangoni.

Tuzo lakini si malipo. Mlipe mtu. Kabla hajaja mkubaliane kiasi, umtumie nauli ya kuja na ya kurudi, na pesa yake iingie kwenye simu yake kabla hajashuka ngazi. "Utapata kujulikana" si pesa. Mkiwa mnarekodi, andikeni karatasi moja ya Kiswahili: rekodi ni ya nani, itawekwa wapi, nani anaweza kuitumia na kwa malipo gani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa haki mtunzi, na mpigaji pia ana haki yake juu ya alichokipiga. Kama wimbo ni wa mtu mwingine, uliza Bodi ya Hakimiliki namna ya kupata ruhusa. Nasema haya kwa uchungu. Kampuni moja tuliyoshirikiana nayo ilichukua kipande cha kina mama wa Rabai ikakitia kwenye tangazo lake bila kuwauliza, na sisi hatukuwa na karatasi ya kuonyesha. Ilituchukua miezi kukiondoa. Kina mama hawakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi.

Rekodi yenyewe ni kazi ndogo. Rekoda moja nzuri, imewekwa karibu na mwimbaji kuliko na ngoma, na simu mbili za picha. Piga kofi mbele ya zote mwanzoni upate alama ya kulinganishia sauti na picha. Umeme ukikatika, nanyi mnajua hukatika, endeleeni. Jioni mbili tumemaliza kwa mwanga wa dirishani.

Kabla rekodi haijaenda popote, mwenyewe aisikie. Yule kiongozi wa kina mama wa Rabai hana simu ya kutazamia picha, kwa hiyo nilimpelekea sauti kwenye kadi ndogo, mjukuu wake akaichomeka kwenye redio. Tulikaa chini ya mwembe, kuku wanapita. Alisikiliza wimbo wote mikono imetulia mapajani. Ulipokwisha akasema, "Hapo katikati niliimba chini sana." Nikamwambia tulimsikia. Akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mjukuu, "Hebu rudisha pale."